Geti la Zahanati

Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka. Dada yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Patasi, anachonga picha kwenye mbao. Anapaka ubao wino, anaweka karatasi juu, anasugua kwa kijiko cha chuma kwa sababu mashine hana. Chumba chetu kinanuka wino, na mimi nimeshazoea kulalia vipande vya mbao.

Kazi yake ni kuchukua picha za mafundi wa zamani na kuzichonga upya kwa mambo yetu. Safari hii alichukua ile ya mama aliyebeba maiti ya mwanawe kwenye ngazi za jumba la mfalme. Ngazi akazigeuza geti la zahanati, lenye kufuli. Mama akamfanya fundi cherehani, jirani yetu, ambaye mtoto wake alikata roho nje ya geti hilo, siku lilipofungwa kwa sababu mheshimiwa alikuwa ndani anapigwa picha wodini. Anapigwa picha, jamani!

Mkuu wa ukumbi wa maonyesho akaja kuiona. Ile ya zamani alishaitundika ukumbini, na akatueleza inavyomliza, machozi yakimlengalenga. Ya Patasi akaikunjia uso.

"Nzuri, dada. Ila hilo geti... chonga kidogo tu, liwe wazi. Tutaitundika pale pale mlangoni."

Yaani aliyekufa enzi za wafalme analiliwa, wa jirani hapa anakunjiwa uso! Nilitaka kumtimua mbio.

Lakini Patasi aliuvuta ubao karibu. Tangu aanze kazi hii hakuna ukumbi uliowahi kutundika picha yake, na mvi zimeshamwingia. Akatoa patasi nyembamba. Ubao ukishachongwa umechongwa. Kilichotolewa hakirudi, na palipotolewa panatoka peupe kwenye karatasi. Akikwangua nondo chache tu, geti limefunguka.

"Ngoja kwanza aulizwe mwenyewe," akasema, akanituma nikamwite.

Fundi cherehani alikuja na futi yake ya kupimia shingoni. Akaelezwa. Akaitazama picha, kisha akamtazama mkuu.

"Likiwa wazi," akauliza, "mimi hapo nje nimesimama nafanya nini, na mtoto anakufa?"

Mkuu akaanza kueleza mambo ya sanaa. Hakuna aliyemsikiliza. Dada aliirudisha patasi mfukoni, akapaka ubao wino, akachapa nyingine, akamkabidhi yule mama ikiwa bado mbichi.