Walionichangia Wapande Kwanza

Walisema sitawahi kumiliki gari ambalo halijakaliwa kwanza na makalio ya mtu mwingine. Nakumbuka hata mahali maneno hayo yaliposemwa, mwanangu. Ilikuwa uwanja wa kanisa letu kule Mathare, Jumapili moja baada ya ibada, watu walipokuwa wakinichangia nauli ya ndege niende Ujerumani kusomea ufundi wa mitambo ya baridi. Wanaume walioegemea ukuta walicheka. Jirani yetu mmoja, Shikuku, alisema nitarudi na koti zito na kikohozi, na Mungu akinipenda sana nitanunua kigari kilichochoka ambacho vijana wa mtaa watakuwa wakikisukuma kila asubuhi ndipo kiwake.

Akina mama ndio hawakucheka. Walifungua pembe za leso zao wakatoa walichokuwa nacho. Mama Halima, aliyeuza mahamri mlango wa pili kutoka kwetu, ni Mwislamu, na siku hiyo aliingia uwanja wa kanisa kwa mara ya kwanza maishani ili atoe mchango wake kwa mkono wake mwenyewe. Mama Adhiambo, kibarua wa kuchambua kahawa kiwandani, alitoa akaomba radhi kwamba ni kidogo. Shangazi yangu, dada ya marehemu baba, ambaye kwetu Wabukusu tunamwita Senge, ndiye aliyekuwa akiwapigia vigelegele.

Basi nilienda. Nilisoma kwa lugha ambayo neno moja linajaza mstari mzima, nikashinda wenyeji wake katika mitihani, na diploma yangu iko ukutani hadi leo, njoo uione. Niliporudi miaka ya tisini nilianza kutengeneza vyumba vya baridi vya mabucha na hoteli. Kama ulikula nyama safi Nairobi wakati huo, huenda ilipoozwa na mikono hii unayoiona. Nilipanga nyumba nzuri mtaa wa Fedha, nikamjengea mama nyumba ya mawe Njiru, enzi zile Njiru ilipokuwa na ng'ombe wengi kuliko watu. Sijisifu bure, nasema yaliyotokea.

Jambo la kwanza nililofanya baada ya kusimama ni kuwazungukia wale akina mama na bahasha, nirudishe walichotoa. Hakuna aliyepokea. Senge alinirudishia bahasha akiwa hata hajaifungua. Alisema wao hawakunikopesha pesa, walinipeleka nilikotaka kwenda, kwa hiyo deni langu ni kuwapeleka na wao wanakotaka. Siku nitakapokuwa na gari, kila mmoja nitamchukua mara moja, aseme ni wapi. Nikacheka, nikakubali. Mtu akiwa na miaka thelathini na kitu hukubali mambo mengi.

Halafu gari likaja. Niliagiza gari la Kijerumani, jipya kabisa, la samawati iliyokoza, viti vya ngozi rangi ya maziwa. Lilishuka kwa meli Mombasa, likaletwa Nairobi likiwa juu ya lori, lisije likachoka. Na mimi nilikuwa na haja moja tu, kubwa kuliko gari lenyewe. Tangu nikiwa Ujerumani, nikitembea kwenye theluji kwenda darasani, nilikuwa nikijiona natoka lango la duka la magari, mama yangu ameketi kiti cha mbele kando yangu. Nilikuwa nimeapa hivyo. Gari bila mama kwenye kiti kile lingekuwa bati tu.

Duka lilinipigia simu nije Jumamosi asubuhi na mgeni mmoja au wawili, chai itakuwepo. Nilipomwambia mama, alisema hawezi kuja bila wenzake. Nilimweleza kuhusu sakafu ile, vikombe vile, watu wanaokuja pale. Hakubishana nami. Aliendelea kuchambua mboga zake, na nilipomaliza kueleza akaniuliza kama nina namba ya simu ya yule kijana mwenye pikapu, kwa sababu wao ni wengi.

Jumamosi nilifika mapema nikiwa na suti ya rangi ya majivu. Kijana wa mauzo, Njoroge, alikuwa amelifunika gari kwa kitambaa chekundu katikati ya ukumbi, na sakafu iling'aa hata nikaona fundo la tai yangu chini. Akanimiminia chai. Nikasimama pale kama waziri.

Ndipo pikapu ikafika. Walishuka mmoja mmoja, wamevaa sare za kikundi chao cha kanisa, Mama Halima akiwa na buibui lake jipya, mama yangu akiwa wa mwisho. Walifika kwenye mlango wa kioo, wakaitazama ile sakafu, na wote, bila kuambiana, wakainama wakavua viatu. Sandak za plastiki, malapa, kanda mbili zilizoshonwa kwa waya, vyote vilipangwa mlangoni mwa duka la magari ghali kuliko yote mjini, kama mtu anavyofanya mlangoni mwa jirani aliyenunua zulia.

Kulikuwa na wateja wengine mle, na mmoja alikuwa akitazama miguu ile kwa tabasamu nisilolipenda. Nilitoka mbio nikamnong'oneza Senge kwamba hapa si lazima, watu huingia na viatu, tafadhali wavae upesi.

Senge hakunong'ona. "Wafula," alisema, "sisi tunavua viatu mahali tunapopaheshimu. Leo tumekuja kuliheshimu jambo lako. Sasa wewe unataka tulikanyage ili yule bwana afurahi?"

Meneja wa duka, mzee wa Kihindi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alikuwa ametoka ofisini kuona msongamano ni wa nini. Aliviangalia vile viatu, akawaangalia akina mama. Kisha akashika kiti, akavua viatu vyake vyeusi vilivyopigwa rangi, akaviweka mwisho wa mstari.

"Nyumbani kwangu pia ni hivi," alisema. "Karibuni ndani, akina mama."

Njoroge akamtazama bosi wake, akavua. Soksi yake moja ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba, na Mama Adhiambo akamwambia ampelekee jioni aishone, asiwe na wasiwasi. Mimi nikavua vya kwangu, vya ngozi ya Italia. Hakukuwa tena na sababu ya kubaki navyo peke yangu.

Kitambaa kikavutwa. Vigelegele vilivyopigwa pale, mwanangu, vilifanya askari wa lango aje kuangalia kama kuna harusi. Njoroge alianza kazi yake ya kueleza vitufe. Alipofika kwenye kitufe cha kupasha kiti joto, akina mama walimsimamisha.

"Kiti kinapata moto?" aliuliza Mama Halima.

"Ndiyo, mama. Kwa nchi za baridi."

"Miaka yote hii nimekaa mbele ya jiko la mahamri," alisema, "na sasa mmenitengenezea jiko la kukalia."

Mpaka yule mteja wa tabasamu alicheka, safari hii vizuri. Njoroge alipotaka kuondoa nailoni iliyofunika viti, ili ngozi ionekane, akina mama walikataa kwa kauli moja. Vitu vipya havivuliwi nguo siku ya kwanza. Nilijaribu kutetea ngozi yangu, nikashindwa kwa kura.

Halafu wakalizunguka gari, mikono juu ya boneti, Senge akaomba kwa Kibukusu mpaka jasho likamtoka, Mama Halima akasoma dua yake kwa sauti ya chini upande wa nyuma, na meneja akasimama ameinamisha kichwa. Alipotaka kunikabidhi ufunguo, Senge alimzuia, akasema uanze kwa mama. Mama akaupokea kwa mikono miwili, akautemea mate kidogo ya baraka, akanipa. Njoroge alikuwa ameshatoa kitambaa cha kufutia. Meneja akamtazama tu, na kitambaa kikarudi mfukoni.

Nikafungua mlango wa mbele. Nikasema, "Mama, karibu."

Mama hakusogea. Akasema taratibu, kana kwamba ananiambia chumvi imekwisha, kwamba atapanda wa mwisho.

Nilidhani hakunielewa. Nikamwambia nimeapa, nimengojea miaka, hiki kiti ni chake. Akaniwekea mkono kwenye bega la suti.

"Mimi ni mama yako, kwangu huna deni," alisema. "Deni lako liko kwa hawa. Wamalize kwanza."

Nikapita lango lile nikiwa na Senge kando yangu, akiteleza kwenye nailoni kila nikikata kona na kunilaumu kwamba usukani nimeushika vibaya. Nyuma yetu mama yangu alikuwa amesimama kwenye pikapu na wenzake, akiimba. Kusema kweli, moyo uliniuma, na hapo hapo nilikuwa nacheka. Sijawahi kuwa na asubuhi nyingine kama hiyo.

Kuanzia hapo kila Jumamosi ilikuwa ya mtu mmoja. Nilidhani watataka kupelekwa mbali, mbuga za wanyama au Nakuru. Nilikuwa siwajui. Mama Halima alitaka aende Eastleigh kununua kitambaa cha harusi ya bintiye, na nimngojee nje ya duka nikiwa nimeegemea gari na suti yangu, ili muuzaji asimpandishie bei. Alipandishiwa mara mbili, maana muuzaji aliliona gari. Tulicheka mpaka nyumbani. Mama Adhiambo alitaka aingie kwa lango kuu la kile kiwanda cha kahawa alikokuwa akipita mlango wa vibarua, askari amfungulie na kumpigia saluti, kisha tugeuze tuondoke. Askari alipiga saluti. Mama Adhiambo aliipokea kwa kuinua mkono kidogo, kama mtu aliyeizoea. Mwingine alitaka tukae tu nje ya nyumba yake Mathare, gari limezimwa, redio inaimba, mpaka jirani yake fulani arudi kutoka mferejini. Jirani alichelewa sana. Tulingoja.

Shikuku naye alinijia siku moja pale Mathare, akalizunguka gari, akakiri kwamba kumbe liliwaka bila kusukumwa. Nikampandisha hadi barabara kuu ingawa hakutoa hata senti, kwa sababu nilitaka akalie ile nailoni. Ni raha ambayo sikuinyima nafsi yangu.

Wiki zilipita, na kila jioni ya Jumamosi nilimpitia mama Njiru kumwambia nani amepanda. Alitaka habari zote, nani alivaa nini, nani alikutana na nani. Kiti kile cha mbele kilikuwa kikimtazama dirishani, na yeye alikitazama, wala hakukigusa. Nikaanza kuogopa, mwanangu. Afya yake haikuwa ya kuchezea, na wale akina mama hawakuwa na haraka. Kuna aliyebadilisha nia mara tatu kuhusu anakotaka kwenda. Niliendesha nikiomba wachague upesi.

Jumamosi ile aliposhuka wa mwisho wao, nilimwuliza mara mbili kama ameridhika. Akasema deni limekwisha. Sikuzima hata gari. Nikashika barabara ya Kangundo mpaka Njiru, nikakuta mama ameketi kibarazani na gauni lake la kijani la sikukuu, pochi magotini. Wenzake walikuwa wamemtumia habari tangu asubuhi. Alikuja, akafungua mlango mwenyewe, akaketi kiti cha mbele, akalainisha gauni.

Nilimwuliza anataka tuende wapi. Popote. Mombasa, nikasema. Hata Bungoma, tulale njiani.

"Hapa hapa Njiru," alisema. "Na uende polepole, Wafula. Hawa majirani wa upande wangu bado hawajaniona."

Ndipo nilipojua majivuno yangu niliyatoa wapi.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Ukifanikiwa, furahi waziwazi. Usijifanye mnyonge ili watu wakupende. Lakini siku unapokabidhiwa kitu kizuri, usichague wa kusimama nawe kwa kuangalia walichovaa miguuni. Waite waliokushika mkono ulipokuwa huna kitu, wapande wao kwanza, hata kama itakuchosha. Waliokuzaa watakungojea, lakini usiwangojeshe kupita kiasi. Nenda, Mungu akupe funguo nyingi, na mkono wa mzazi wa kuzipokea kabla yako. Upite kila lango ukiwa na watu wako, na safari yako iwe ya polepole penye macho ya kukuonea fahari.