Nyundo na Wimbo wa Ukungu

Kaka yangu ananyoosha bodi za magari. Gari likigongwa likakunjamana kama karatasi, hupelekwa kwake, naye hulipiga mpaka likubali kuwa gari tena. Gereji nzima inamwita Nyundo, na nyumbani pia jina limeshika, maana mikono yake ilikuwa haijui kugusa kitu polepole. Wifi yangu alishampiga marufuku kuosha glasi. Watoto wachanga wa ukoo alionyeshwa kwa mbali, mama yetu akiwa amesimama katikati.

Siku moja alimrudishia gari mwalimu wa piano, mama mmoja mkali anayefundisha watoto sebuleni kwake. Alipofika mlangoni, mama huyo alikuwa anapiga piano. Kaka hakubisha hodi. Alisimama na funguo mkononi mpaka mwisho. Aliniambia haukuwa wimbo wa kuimbika. Ulikuwa kama ukungu unavyoondoka juu ya bwawa asubuhi, maji yakijitokeza kidogokidogo, bila haraka.

"Mwalimu, nataka kujifunza huo."

"Huo?" Mwalimu akamtazama mikono. "Baba, anza na nyimbo za watoto. Huo wanafunzi wangu wanaufikia wakishaota ndevu."

"Mimi ninazo tayari."

Mwalimu akacheka, akamkubali shingo upande. Somo la kwanza lote lilikuwa kitufe kimoja.

"Usipige! Nani kakukosea? Shusha kidole kama unamfunika mtoto shuka na hutaki aamke."

Kaka akabonyeza, piano ikanguruma. Akarudia, ikanguruma tena. Alitoka pale shati limelowa jasho kuliko siku ya kunyoosha lori.

Akatafuta kinanda kikuukuu cha umeme. Mchana, wenzake wakila, alikiweka juu ya boneti ya gari lolote linalosubiri rangi, akafanya mazoezi. Walicheka mpaka wakapaliwa.

"Nyundo, hilo gari unalibembeleza lilale?" fundi rangi akamuuliza.

"We kula, chakula kinapoa," kaka akajibu bila kuinua macho.

Mama naye alinituma nikamshauri aache, mtu mzima asijichekeshe. Kaka alinisikiliza vizuri, kisha akasema, "Mdogo wangu, tangu nizaliwe mnaniambia nisiguse. Sasa nagusa. Anayeona aibu azibe masikio." Nikampelekea mama jibu hilo, sikupunguza hata neno.

Mwaka ulipokaribia kuisha, mwalimu aliandaa siku ya wanafunzi kuwapigia wazazi wao piano ukumbini. Akamwomba kaka asubiri mwakani. Wimbo haujaiva, alisema, na wazazi wengine wameshaanza kunong'ona: jitu zima litakaaje foleni moja na watoto?

"Niweke mwanzo, niweke mwisho, lakini niweke," kaka akasema. "Wanong'one huku napiga."

Akawekwa mwisho. Tulikwenda wote, mama amepakata mkoba wake kama anayesubiri daktari. Kaka alikalia kiti kidogo kilicholia kwa uzito wake. Mtoto mmoja akacheka. Kisha kaka akashusha kidole, na sauti ikatoka laini kiasi kwamba nilidhani anayepiga ni mtu mwingine. Mama akanishika mkono.

Lakini ukurasa wa pili, mkono wa kushoto ukapotea njia. Kaka akaacha kupiga. Mtu mmoja nyuma akaanza kupiga makofi, yale ya huruma, ya kumruhusu mtu aondoke na heshima yake, na ukumbi mzima ukafuata.

Kaka akageuka, akainua kiganja. "Asanteni. Bado sijamaliza."

Makofi yakafa. Akarudi nyuma kidogo, akaanza tena, taratibu kuliko alivyofundishwa. Akakosea tena, akapita juu ya kosa bila kuliomba radhi. Wazazi waliokwishanyanyuka wakakaa. Aliupiga mpaka nota ya mwisho, akaishikilia mpaka ikaisha yenyewe, ndipo akasimama. Safari hii wengine walipiga makofi kwa moyo, wengine kwa kulazimika. Hakutazama ni akina nani.

Mwalimu alimdaka mlangoni. "Ukurasa wa pili ni mbovu."

"Najua. Jumanne nakuja."

Jumanne hiyo mvua ilinyesha, barabara ikajaa tope, na pale gereji kulikuwa na basi lililobonyea ubavu mzima. Mwenye basi akataka limalizwe siku hiyohiyo. Kaka akamwambia asubiri kesho. Mwenye basi akafoka, akatishia kulipeleka kwingine. Kaka alikuwa tayari kwenye bomba, ananawa mikono.