Mzee Kabwe Alipokuja Ilongero Kumtafuta Mkewe

Kabla hujasema huyu naye ana lake, nikwambie kwamba mke wangu ndiye aliyempokea yule mzee. Alimwamkia, akampa kigoda, akampa maji kwenye kata. Mimi wakati huo nilikuwa shambani napura alizeti, sijui lolote. Kwa hiyo ukiniambia ni mawazo ya vita, sawa, wengi wameniambia hivyo. Lakini mke wangu hajawahi kwenda vitani, na alimwona. Tena ilikuwa mchana, jua limewaka, kuku wanaparua uani.

Nyumbani kwetu ni nje kidogo ya Ilongero. Nilikuwa askari. Nilipelekwa na wenzangu kulinda amani nchi ya jirani, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na jina la nchi utajaza mwenyewe. Tuliitwa walinzi wa amani, lakini niamini, amani yenyewe hatukuikuta.

Siku moja gari letu lilishambuliwa kwenye barabara ya msituni. Wenzangu wawili walikufa palepale. Mimi risasi ilinipita paja la kushoto, nikaanguka mtaroni, nikatambaa kwenye majani mpaka milio ya bunduki ikawa mbali. Nilikaa porini mpaka kesho yake asubuhi, na hapo ndipo mama mmoja aliyekuwa anaokota kuni akanikuta. Nilimnyooshea bunduki. Hebu fikiria, mwanamke wa rika la mama yangu, ana mzigo wa kuni kichwani, na mimi namlenga kifuani. Hakukimbia. Alishusha kuni zake taratibu, akaniuliza kama nimekula.

Huyo alikuwa Mama Feza. Alikwenda kumwita mumewe, Mzee Kabwe, wakanikokota wote wawili mpaka kwao, nyumba ya udongo iliyoezekwa nyasi, pembeni kabisa mwa kijiji. Walinificha siku nne nyuma ya magunia ya mihogo mikavu. Mzee alikiosha kidonda kwa maji ya moto na chumvi, akakifunga kwa kitambaa alichokichana kutoka kwenye kitenge cha mkewe. Mama Feza alinilisha ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu kama chetu. Baadaye niligundua kwamba siku hizo wao walikuwa wanakula mara moja tu, jioni.

Siku ya pili waasi walikuja. Niliwasikia kwa masikio yangu wakimuuliza mzee kama ameona askari aliyejeruhiwa. Akasema hajaona. Nikasikia kofi. Akasema tena hajaona. Walipoondoka aliingia ndani, akakaa karibu na magunia, akaanza kumenya muhogo kama mtu ambaye hakuna kilichompata. Nilimuuliza kwa nini wananifanyia haya, mimi ambaye hawanijui. Alinijibu kwamba kunilisha ni kazi ndogo kuliko kunizika.

Siku ya tano, kabla hakujapambazuka sawasawa, alinisindikiza mpaka kwenye njia ya kwenda kambini kwetu. Hakutaka chochote. Aliniomba neno moja tu.

"Usiseme kama ulilala kwetu. Useme ulilala mu pori."

Nikaapa. Niliapa kwa Mungu na kwa mama yangu.

Unadhani kile kiapo kilidumu muda gani? Chini ya saa moja tangu niingie kambini. Afisa mmoja aliniuliza nilikuwa wapi siku zote hizo. Wenzangu wamekufa, mimi niko hai, na jeraha langu limefungwa vizuri kwa kitenge. Nani alinifunga? Minong'ono ilikuwa imeshaanza kwamba labda nilijisalimisha, labda niliuza siri. Hakuna aliyenipiga, nisikudanganye. Hakuna hata aliyenifokea. Niliona aibu tu kuonekana msaliti, basi. Nikataja majina yao. Nikachora na njia kwenye karatasi.

Wakubwa walifurahi. Waliamua watu wema kama wale lazima washukuriwe. Tukaenda na magari mawili, mchana, tumebeba gunia la mchele, mafuta ya kula na katoni ya sabuni. Kijiji kizima kilitoka kutazama. Afisa akamshika mzee mkono, picha zikapigwa. Mama Feza hakutoka ndani. Mzee Kabwe alinitazama mara moja tu, kisha akageuka kwa yule afisa na kusema asante.

Siku chache baadaye, mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi karibu na lango la kambi alituletea habari. Waasi walikuja usiku, wakaufunga mlango kwa nje, wakaichoma nyumba. Majirani waliwazika mzee na mkewe kaburi moja, nyuma ya nyumba yao. Nilimuuliza yule mama mara mbili kama ni wote wawili. Wote wawili, akasema. Naomba ulishike hilo.

Paja lilinifanya niachane na jeshi, nikarudi kulima. Hapa kwetu nilikisimulia kisa cha kuokolewa kwangu mara nyingi, kwenye misiba, kwenye harusi, hata kwa watoto wa shule. Watu walikipenda. Lakini kila mara niliishia pale mzee anaponionyesha njia. Mke wangu mwenyewe hakujua yaliyofuata. Aliniambia mara kadhaa tutafute namna ya kuwatumia wale wazee hata nguo, nami nilimjibu kwamba kule ni mbali, mawasiliano hakuna.

Sasa, msimu wa mavuno wa mwaka juzi, nikiwa shambani, simu ikaita. Mke wangu akasema nina mgeni, mzee mmoja ananifahamu tangu kule vitani, Kiswahili chake hakieleweki vizuri lakini ana adabu sana. Nilidhani ni mtu wa kikosi chetu. Nikajikung'uta vumbi, nikaja nachechemea, tena kwa furaha.

Mzee Kabwe alikuwa amekaa kwenye kigoda, kivulini ukutani, kata imo mapajani.

Nilimjua kabla hajainua uso. Koti lilelile la kahawia, limeshonwa kiwiko kwa uzi mweupe. Hakuwa amezeeka hata siku moja. Miguu yake ilikuwa na tope jekundu, bichi, linang'aa. Wewe unaijua Ilongero wakati wa mavuno? Tulikuwa tumemaliza miezi bila tone la mvua. Na pale uani palikuwa na harufu ya nyasi zinazoungua, kiasi kwamba mke wangu alishazunguka nyuma ya jiko mara mbili kuangalia kama kuna moto.

Nilitaka kukimbia. Nikasema shikamoo, sauti ikatoka kama ya mtoto. Akaitika marahaba, akaniomba nimwonyeshe paja. Nikapandisha suruali pale pale, mbele ya mke wangu, naye akalibonyeza kovu kwa vidole viwili, huku na huku, kama alivyokuwa akifanya nyuma ya yale magunia. Akasema limepona vizuri. Mke wangu alikuwa anatabasamu. Alishamtambua ni nani, kwa vile visa vyangu, akakimbilia jikoni kusonga ugali.

Tulipobaki wawili, mzee akaniuliza.

"Bibi yangu mulimupeleka wapi?"

Kwao huko mke ndiye anayeitwa bibi. Akanieleza, taratibu, bila hasira yoyote, kama mtu anayeulizia mbuzi aliyepotea. Alisema tangu zile siku za magari yetu hajamwona. Aliamka akakuta moshi, akapapasa kitandani, mahali pa mkewe pakawa patupu. Akatoka kumtafuta. Aliwauliza majirani, majirani wakawa hawamjibu, wanampita tu. Ndipo akanikumbuka mimi. Akaona labda sisi askari tulirudi na magari tukamchukua mkewe kumpeleka mahali pa salama, kwa kuwa tulionekana watu wa shukrani. Ameuliza njia mpaka amefika.

Hakujua. Unanielewa? Yule mzee hakujua kwamba alikufa.

Nilikuwa na maneno yangu tayari. Miaka yote niliyatunga, kwamba siku nikisimama mbele yake nitapiga magoti na kumwambia ni mimi niliyesema, nisamehe. Siku yenyewe ndiyo hiyo. Alikuwa hatua mbili kutoka nilipo, ananitazama usoni, anasubiri. Nami ningesemaje? Ningemwambia nyumba yako ilichomwa mkiwa ndani, kwa ajili ya mdomo wangu?

Nikamwambia, "Yuko salama, mzee. Alikwenda kwa watu wake, upande wa ziwa."

Sijui neno ziwa lilitoka wapi. Lilikuja tu. Uso wake ulilegea, na macho yakamjaa machozi. Alisimama, akanishika mikono yote miwili, akanishukuru. Alinishukuru sana. Kisha akaniuliza ziwa liko upande gani, na mimi, mkono huu huu, nikanyoosha kidole kuelekea Singida mjini, kwenye ziwa letu, kwa sababu nilitaka aondoke kabla mke wangu hajarudi.

Mke wangu alipotoka na ugali na mlenda, kigoda kilikuwa kitupu. Nyayo za tope zilianzia kwenye kigoda, zikavuka uwanja, zikafika pale mabua ya alizeti yanapoanza. Hapo zikakatika. Alisimama na sinia mkononi, akaziangalia. Akaniuliza mgeni ameondokaje bila kula. Ndipo nikamweleza yote, kuanzia kiapo mpaka kaburi moja, mpaka uongo niliotoka kuusema dakika ile. Hakulia. Aliweka sinia chini.

"Amekuokoa," akasema, "na wewe umemtupa mara mbili."

Siku hiyo hiyo nilikodi bodaboda mpaka ziwani. Akina mama waliokuwa wanafua ufukweni walisema ndiyo, amepita mzee, ameuliza kama kuna bibi yake hapa, wakamwonea huruma, mzee wa umri ule anamtafuta bibi yake aliyemzaa mama yake. Walidhani amechanganyikiwa. Wakamwambia kuna ziwa jingine, Kitangiri, huko Mkalama. Siku mbili baadaye nilipofika Kinyangiri, njiani kwenda huko, kwa shemeji yangu, nikaambiwa alipita jana yake, akaomba maji, akauliza neno lile lile. Miezi ikapita. Mama lishe mmoja wa stesheni ya Manyoni akamsimulia mtu tunayefahamiana kwamba kuna mzee mwenye miguu ya tope aliketi kwenye benchi lake kiangazi, akauliza ziwa kubwa liko wapi, akaonyeshwa reli ya kwenda Kigoma. Nilikwenda na huko. Benchi nililikuta, mzee sikumkuta. Kila mahali nachelewa.

Tangu hapo nyumbani tunaongea ya shamba na ya watoto, basi. Mke wangu hunisalimia, hunipikia, lakini usiku amehamia chumba cha wanetu. Kisa changu cha kuokolewa sikisimulii tena. Walimu wa shule walinialika tena mwaka jana, nikasema naumwa. Nimekwenda kwa shehe, nimekwenda kwa mchungaji, kila mmoja akaniombea, na kila mmoja akaniuliza kwa nini simwambii mzee ukweli. Nitamwambia wapi? Hajarudi kwangu. Kwa nini arudi? Nilishampa jibu, akaniamini.

Ndiyo maana nakueleza wewe. Kwanza, mtu akikuhifadhi siku ya shida, akakuomba unyamaze, nyamaza. Usimtaje hata kwa wema, hata kwa kumletea zawadi. Hujui nani anasimama pembeni anatazama.

Halafu, kama uko huko njiani, Manyoni, Tabora au Kigoma, na mchana mmoja akaja mlangoni kwako mzee wa koti la kahawia, miguu ina tope wakati wa kiangazi, usimfukuze wala usimwogope, hana ubaya na mtu. Mpe kiti, mpe maji. Akikuulizia bibi yake, usimwonee huruma kama yangu. Mwambie Mama Feza hakwenda popote. Alikufa pamoja naye, wamelala kaburi moja nyuma ya nyumba yao, na majirani waliwazika vizuri. Mwambie arudi nyumbani. Atakuuliza nani amekwambia. Mwambie ni yule askari, yule yule, na kwamba askari aliyajua yote siku ile mzee alipomshika mikono.