Fundi Aliyemsindikiza Mgeni

Zamani mtu akiishiwa miguu, wenzake walimbeba. Siku hizi anatumiwa fomu ya kurasa tisa.

Fundi alikanyaga cherehani miaka arobaini kwenye kibaraza cha mafundi, hadi nyonga zikamgomea. Kutoka nyumbani hadi kibarazani ni robo saa kwa mwenye miguu. Kwake yeye ilikuwa safari ya ng'ambo. Binti yake akasikia kwamba ofisi ya ustawi huwasaidia wasioweza kutembea kulipia skuta ya umeme, ile ya kiti na magurudumu manne. Wakajaza fomu. Fundi akaanza kunoa mkasi wake.

Siku ya kukaguliwa, binti alimwonya.

"Baba, leo usijikaze. Akija, kaa hapo hapo."

"Mgeni aingie, mimi nimekaa kama gunia la mkaa?"

"Ndiyo, Baba. Kama gunia."

Mkaguzi alipopiga hodi, binti alikuwa jikoni akichemsha chai. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mpole, amechoka na jua. Fundi akashika ukingo wa meza, akainuka, meno yameumana. "Karibu, mama, karibu sana." Akamsogezea kiti. Aliulizwa kama anaumwa, akajibu, "Tunamshukuru Mungu." Na chai ilipokwisha, akamsindikiza mgeni hadi getini, hatua kumi na mbili, kama alivyolelewa. Jasho lilimtiririka mgongoni, lakini uso ulicheka.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu: mwombaji anasimama na kutembea bila msaada, ombi limekataliwa, anaweza kuomba tena mwakani.

"Baba, umejichongea mwenyewe!"

"Nilimpa heshima yake."

"Naye kaiandika."

Heshima ya siku hizi ni ushahidi wa kukufunga. Fundi akauza cherehani, maana tangu iletwe nyumbani ilimkodolea macho pale ukumbini, na tangu hapo alikuwa mtu wa kuhesabu mabati ya jirani kutoka kitandani.

Lakini kabla mnunuzi hajaja kuichukua cherehani, jirani mwenye gari alikubali kumpitisha kibarazani. Mafundi wawili waliosalia walikimbilia dirisha la gari. Mmoja, waliyemwita Sentimita kwa ufupi wake, alikuwa na futi shingoni na suruali ya mteja mkononi.

"Bwana harusi! Siku hizi unatembelea gari, sisi hututaki tena!"

"Nipisheni, mna harufu ya umaskini," fundi akasema, wakacheka wote watatu.

"Unarudi lini, kaka?"

"Wacha karatasi zao ziishe."

Nyuma yao magari yalianza kupiga honi. Mteja akaidai suruali yake. Sentimita akamshika fundi bega kupitia dirishani, akasema watakuja Jumapili, kisha wakarudi mbio kwenye mashine zao. Gari likaondoka. Jumapili hawakuja; hiyo ndiyo ikawa mara ya mwisho fundi kuwaona.