Kitenzi Kilichotupeleka Bustan

Nyie tuliokulia pamoja magorofani Ruwi, huku ng'ambo ya bahari, mtanielewa. Ijumaa, pilau likishaliwa, nyumba zote zinalala. Kwetu halali mtu! Baba, karani wa benki aliyesoma Misri zamani, anatoa kitabu chake cha Kiyunani cha kale, anatupanga rosheni, nasi tunakokota: anagometha, anagesthe, anagontai. Kitenzi cha mabaharia hicho, maana yake kuondoka bandarini. "Sisi mtendaji twamtanguliza mbele ya kitenzi," anasema, "wenzetu wanamweka mkiani." Tunaitikia, macho yako chini kwa wanaocheza gololi.

Mara jirani yetu Bi Salma akavumisha kuwa Baba anasoma talasimu, anafuga jini. Wallahi! Mama akaja juu. "Baba Zuwena, nnaona haya kupita ngazini. Kitabu hicho kifunge, au nihame mie." Baba akakifunga. Wiki nzima amenywea, mpaka roho ikaniuma nikayatamani yale masomo.

Ijumaa iliyofuata akatutia garini sote, Mama kanuna, mpaka Bustan. Akatusimamisha ufukweni. "Tazameni kule mwisho wa maji. Kuko chini ya miguu yenu au juu?" Nikatazama. Subhanallah! Bahari ilikuwa imepanda, mstari wake uko sawa na macho yangu. "Basi kitenzi kile asili yake ni kwenda juu," akasema. "Kwa Wayunani chombo kinapanda baharini, kinashuka nchi kavu." Watu waliokufa maelfu ya miaka nyuma waliona ninachokiona mie!

Mama, ambaye tangu aondoke Unguja hakupenda kuitazama bahari, aliinua macho akaitazama. "Kumbe ni mlima," akasema taratibu. "Ndo maana kurudi kumenishinda." Akamshika Baba mkono mbele yetu, jambo ambalo hatujapata kuliona. Jioni ile ile yeye mwenyewe ndiye aliyekifungua kitabu.

Siku hizi watoto hata kiatu kikipotea wanaiuliza simu. Juzi hapa kwangu Sib mwanangu kaniuliza kitenzi alichokipigia mstari babu yake kwenye kitabu kile kina maana gani. "Katazame kwenye simu," nikamjibu, kichwa sikuinua. Akatazama, akasema "aa," akaenda zake. Baba alitupakia garini sote. Mie sikunyanyuka hata kwenye kochi.