Alifuta, kwa Mikono Miwili

Niliachishwa kazi kwa sababu ya herufi moja. Najua kila aliyefukuzwa ana maelezo yake, na kwa kawaida ni marefu. Yangu ni herufi.

Kwa miaka tisa nilikuwa mwandishi wa taarifa na mkalimani katika shirika dogo mjini Garissa, linalowapa mbuzi wafugaji waliopoteza mifugo kwa ukame. Mimi ni mtu wa Pwani, nina shahada ya lugha, na nilikuja huku na maringo yote ya aliyezaliwa ndani ya Kiswahili. Mama yangu alipofariki, majirani Wasomali, ambao lugha yao haina p wala v, walifika nyumbani kuniambia "bole sana", nami, Mungu anisamehe, nilimrekebisha mmoja wao.

Baadaye nilipata akili, au nilidhani nimepata. Niliona wenzangu kutoka bara wakiandika maelezo ya wafugaji na kuyapiga pasi, mpaka mtu aliyezika mbuzi wake wote anasikika kama msomaji wa habari. Nikaandika maelekezo ya ukurasa mmoja na kuyabandika ukutani. La kwanza lilisema: "Andika neno kama lilivyotamkwa. Usimrekebishe msemaji." Nilijiona mtetezi wa wanyonge.

Alhamisi moja wazee walikutana uani kwetu wakaongeza familia kumi na moja kwenye orodha ya kupewa mbuzi. Zote zilitoka upande wa Hulugho na sasa zinakaa pembezoni mwa mji. Umeme ulikuwa umepotea, kwa hiyo niliandika majina yao kwa chaki, chini kabisa ya ubao ulioko barazani. Kesho yake ningeyaingiza kwenye kompyuta. Karibu na magharibi ikaja mvua, ile ya kulala upande. Nilikuwa nimeshafika getini. Nikarudi mbio, nikaushika ubao kwa miguu yake nikauvuta ndani. Sehemu ya chini ilikuwa imeshageuka uji mweupe. Nitayaandika upya asubuhi, nikajiambia.

Asubuhi barabara ilikuwa tope na nilichelewa saa nzima. Nilikuta watu wamejaa barazani, na mlinzi wetu, mzee wa Kisomali, ameshaulizwa ni nani aliyegusa ubao. Alikuwa amejibu ukweli.

Jumatatu tukaitwa. Afisa wa wafanyakazi alikuwa amekuja kutoka Nairobi, mama mpole, na kompyuta yake mapajani. Meneja wetu, mtu wa bara naye, alikaa pembeni.

"Mzee, tuambie ulichoona," afisa akasema.

"Mimi niliona na macho," mlinzi akasema. "Maalim alirudi, akashika ubao, akafuta."

"Alifuta?"

"Wallahi alifuta. Na nguvu sana. Mikono mbili."

"Anasema nilivuta," nikaingilia. "Niliuvuta ndani usinyeshewe."

"Tafadhali, usimfundishe shahidi."

"Basi muulize ni kuvuta au ni kufuta."

Akamuuliza. Mlinzi alitutazama kama mtu aliyeonyeshwa chupa mbili za soda ileile akaambiwa achague. "Ndiyo," akasema. "Hiyo hiyo. Alifuta."

Niliomba mkalimani. Afisa akageukia karatasi zake. "Mkalimani wa ofisi ni nani?"

Meneja alitazama viatu vyake.

"Ni mimi," nikasema.

Akainua macho akasoma ukuta nyuma yangu. "Hata hapa mmeandika msemaji asirekebishwe. Maelekezo mazuri. Nani aliyaandika?"

Nikasema tena, "Ni mimi."

Barua ilisema nimefuta majina ya walengwa kwa nia ya kuingiza mengine. Mengine yapi, haikusema. Nilikuwa na siku kumi na nne za kukata rufaa.

Niliandika rasimu nne. Ya kwanza ilikuwa na maelezo ya chini ya ukurasa kuhusu sauti za midomo na meno. Ya pili ilikuwa na hasira. Ya tatu ilimnukuu meneja vibaya, na ya nne ilikatika katikati kwa sababu nilichoka. Nilikuwa nalala mchana kama mgonjwa. Kilichonichoma zaidi ni mama anayetuletea maziwa ya ngamia kila asubuhi. Yeye ni mmoja wa wale kumi na mmoja. Sasa alipita mlango wangu akagonga kwa jirani. Siku ya tatu nilimwita, akajibu bila kugeuka:

"Waryaa, we Mswahili! Kunywa chaki!"

Siku ya kumi mlinzi alikuja akakaa kizingitini kwangu.

"Maalim, watu wanasema mimi ndio nilikufukuza."

"Ni herufi ndiyo iliyonifukuza."

Hakuelewa, na mimi nilichoka kueleza. Ndipo nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu mwanzo: nilimuuliza kwa Kisomali aliona nini.

"Wuu jiiday," akasema, na kwa mikono miwili akavuta hewa kama anayepandisha ndoo kisimani. Kuvuta. Kufuta wao huita tirtir. Maneno hayo mawili hayafanani hata kwa mbali.

"Utalisema hilo kwenye rufaa?"

"Nitasema. Wale wa Nairobi wanarudi lini?"

"Sijui."

"Mama wa maziwa yuko leo," akasema, akasimama.

Tulimkuta akisuuza madumu. Mlinzi alimweleza kwa Kisomali, mikono ikivuta. Mama hakuacha kusuuza. Alipomaliza akaniangalia.

"Kwa hivyo ni mvua."

"Ni mvua."

"Mvua tuliomba sisi wenyewe," akasema, akamwaga maji. "Sawa. Na majina yetu iko wapi?"

Mbuzi walikuwa waje wiki iliyofuata. Katika rasimu zangu zote nne jina langu lilikuwamo kila aya, na la familia hata moja halikuwamo. Niliitoa ile ya nne mfukoni, nikaigeuza, nikaandika nyuma yake. Nilikumbuka majina tisa. Mama akanitajia mawili yaliyobaki, na moja lilikuwa lake. Miaka tisa nilikuwa nakunywa maziwa yake bila kulijua.

Siruhusiwi kuingia ofisini, kwa hiyo niliishia getini. Mlinzi alivaa kofia yake ya kazi, akaipokea karatasi na kuikunja mara moja.

"Nitaibeleka kwa meneja mwenyewe, maalim," akasema. "Siifuti."

Sikumuuliza alimaanisha lipi. Alipokuwa akivuka ua ndipo nilipokumbuka kwamba upande wa pili wa karatasi kuna rufaa yangu, nusu ukurasa, iliyokatikia katikati ya sentensi. Nilifungua mdomo nimwite arudi, kisha nikamwacha aende. Alikuwa ameshafika barazani, ameishika karatasi kwa mikono miwili.