Fatiha Niliyomkatizia Bi Mize

Namhimidi Mwenyezi Mungu, Msikivu asiyechoka kusikia, ambaye mja humwita kwa sauti ndogo kabisa na asikatizwe. Namtakia rehema na amani Mtume wake, ambaye mtu akizungumza naye humgeukia kwa mwili wake wote. Namshukuru Mola pia kwa umri alionipa, kwani wako waliokosa kama nilivyokosa mimi na hawakupewa muda wa kurudi kuomba radhi.

Vijana wa msikitini kwetu, hapa Mji Mkongwe, wameniomba niandike kazi ya ukarani wa vikao ilivyokuwa zama zetu. Nimekubali. Lakini nawaomba mnivumilie, maana katika kazi ile ninalo jambo moja la kuona haya, na siwezi kuisimulia kazi nikaliacha jambo.

Niliajiriwa katikati ya miaka ya themanini, katika halmashauri ya wilaya moja ya shamba, hapa hapa Unguja. Jina lake silitaji, kwa sababu aibu ni yangu. Siku ya kwanza nilivaa shati jeupe na kofia ya viua, nikatoka nyumbani baada ya sala ya alfajiri, nikapanda gari ya shamba pale Darajani. Nilikuwa nimesoma chuoni, kwenye madrasa ya Kurani, mpaka nikahitimu, na skuli nimemaliza darasa la kumi na mbili. Nilijiona nimekamilika.

Katibu wa halmashauri, mtu mzima mrefu aliyependa tambuu, alinitazama juu ya miwani akaniuliza:

"Unajua kuandika?"

"Naam."

"Unajua kuacha kuandika?"

Nikaitazama kalamu yangu.

"Hilo ndilo gumu," alisema. "Muhtasari si santuri, yakhe. Santuri hurejea kila kitu, hata kikohozi. Muhtasari huandika kilichoamuliwa, basi. Ukiniandikia vikohozi vya madiwani, ntakurejesha kwa mama yako."

Alinifundisha vizuri, Mungu amrehemu. Alinifundisha kuhesabu akidi, yaani idadi ya wajumbe ambayo ikipungua kikao si kikao. Alinifundisha mpangilio wa ajenda: kufungua, kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, kisha yatokanayo, ambayo ni habari ya mambo tuliyoyaacha njiani mara iliyopita. Halafu hufuata maombi na taarifa, na mwisho kabisa mengineyo, ambapo mwenye neno lolote hulisema. Nikichapa kwa taipureta kwenye karatasi ya stensili, nikikosea herufi moja naipaka dawa nyekundu, naipuliza ikauke, ndipo niendelee. Paa la soko moja lililovuja lilikaa kwenye yatokanayo vikao kumi na moja. Na tulikuwa na diwani mmoja ambaye akisema "Naunga mkono, Mwenyekiti" kabla hoja haijasomwa. Tukimwuliza anaunga mkono nini, akijibu, "Hicho hicho kitakachokuja."

Siku ya kikao changu cha kwanza, Mwenyekiti aliuliza nani atafunga kwa dua. Katibu akasema, "Huyu karani mpya kasoma." Nikasoma dua fupi, kisha tukanyanyua mikono kwa Fatiha. Mwenyekiti alifurahi. Tangu siku ile nikawa karani na msoma dua, na jina langu likawa Maalim. Sikuficha furaha yangu. Nilikuwa kijana kuliko wote mle ukumbini, na mimi ndiye niliyekuwa na neno la mwisho.

Sasa ilikuwapo kanuni isiyoandikwa popote: neno linalosemwa baada ya Fatiha haliingii katika muhtasari. Ilikuwa kanuni nzuri, maana watu wakishasimama kwa chai wana mengi. Lakini Mwenyekiti wetu, aliyekuwa mtu mchangamfu na mwepesi wa kuchoka, aligundua matumizi mengine. Siku moja diwani mzee alikuwa akieleza habari ya ng'ombe wake aliyeingia kwenye tuta la mhogo la sheha wa kijiji, na maelezo yalianzia kwa babu yake ng'ombe. Mwenyekiti akavua miwani yake, akailaza juu ya faili, akanitazama. Nikafahamu. Nikaanza, "Bismillahi..." Mikono yote ikapanda, na ng'ombe akakatika katikati.

Kwenye chai walicheka mpaka machozi. "Maalim ana breki!" alisema Katibu. Yule diwani mzee naye alicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Basi ikawa desturi. Miwani ikilala juu ya faili, mimi naanza. Hakuna aliyelalamika, kwa kuwa tuliowakata walikuwa wale wenye maneno mengi, na kila mmoja alikuwa na hamu ya chai. Hivyo ndivyo kosa linavyoingia nyumbani, huingia likichekesha. Mimi niliyefundishwa kwamba sura ile ni ufunguo wa Kitabu, nikaifanya komeo.

Ikaja miaka ya tisini, na pwani ya mashariki ikaanza kupata wageni. Wakati huo kina mama wa vijiji vile walikuwa wameshika kilimo cha mwani. Maji yakiwa bamvua, yanapokauka hadi mbali, hushuka na vijiti na kamba, hufunga mbegu, na wakirudi hubeba mwani mbichi kichwani, gunia likichuruzika maji mpaka visiginoni. Kijiji kimoja kilikuwa na ufuo wa mwamba mkali, wenye njia moja tu ya kushukia.

Likaja ombi la mtu aliyejenga hoteli hapo, akitaka kuzungusha ukuta. Lilikuwa ombi la kawaida, la saba kwenye ajenda. Wakulima wa mwani walipopata habari walimtuma mwenzao, Bi Mize, aje kikaoni kama mwalikwa, yaani mtu asiyepiga kura lakini ana ruhusa ya kusema. Alikuwa na umri wa mama yangu. Alifika kabla yetu, akakaa kiti cha mlangoni, mkoba wa ukili mapajani. Siku ile ilikuwa ya bamvua, na alikuwa ameliacha shamba lake majini.

Lilipofika ombi la saba, Katibu alilisoma kwa lugha ya afisi: mpaka wa eneo utafuata mchoro ulioambatanishwa. Bi Mize akanyanyua mkono. Mwenyekiti akamwambia kwa upole, "Mama, neno lako utalisema kwenye mengineyo."

"Haya, mwanangu," alisema.

Ombi likapitishwa. Tukaenda mpaka la kumi na mbili. Adhuhuri ilikuwa inakaribia, na siku ile palikuwa na mgeni kutoka mjini, kwa hiyo palipikwa pilau. Harufu ilikuwa imeshaingia ukumbini. Kwenye mengineyo madiwani wawili walibishana kuhusu jezi za timu ya mpira mpaka wakachoka. Ndipo Bi Mize akasimama, akajiweka sawa buibui lake.

"Assalamu alaykum. Mwenyekiti, mimi sikuja na mengi. Nna neno moja tu..."

Miwani ikalala juu ya faili.

Ningependa niwaambie kwamba sikumwona amesimama. Nilimwona. Nilimtazama usoni, nikaitazama na miwani, nikaanza, "Bismillahi..."

Alinyamaza hapo hapo. Alikuwa mtu wa dini kuliko mimi, hakuweza kuzungumza juu ya maneno ya Mola wake. Akanyanyua mikono yake, vidole vimekatwakatwa na kamba, akasoma pamoja nasi. Na tulipomaliza, "Amin" yake ndiyo iliyosikika kuliko zote.

Watu walipokwenda kwenye pilau alinijia mezani.

"Maalim, neno langu umeliandika?"

"Kikao kimeshafungwa, Bi Mize. Leteni barua."

"Barua sijui kuandika, mwanangu. Ndo mana nkaja na miguu."

"Basi kikao kijacho, inshaallah," nikamwambia, na macho yangu yako kwenye sinia. Mungu anajua nililitamka neno lile tukufu kwa nia ya kumwondoa tu. Alisema, "Inshaallah," yeye kwa nia yake, akatoka. Hata kumkaribisha chakula sikumkaribisha.

Kesho yake nikachapa muhtasari. Mwisho wake niliandika: Hakukuwa na mengineyo ya kujadiliwa, kikao kilifungwa kwa dua. Sikukosea herufi hata moja. Kikao kilichofuata, miezi mitatu baadaye, muhtasari ulithibitishwa, na Bi Mize hakuja. Nilikuja kujua kwamba ukuta ulikuwa umeshapanda, akaona hana la kujia.

Miaka michache ikapita. Katibu alistaafu, akaja mwengine, taipureta ikaondoka ikaletwa kompyuta. Siku moja kamati ilikwenda kukagua hoteli zile, nami nikafuatana nao na daftari langu. Mwenye hoteli alitupokea vizuri. Katika mazungumzo, diwani mmoja alimwuliza kwa nini kina mama wanazunguka mbali vile na magunia, mpaka ng'ambo ya kijiji. Yule mtu alishangaa kweli.

"Njia? Njia gani? Mchoro mlionipitishia haukuwa na njia. Mngenambia ningewaachia mlango. Sasa jiko langu liko pale juu, ntalibomoaje?"

Nilimgeukia Mwenyekiti. Alikuwa akisafisha miwani yake. Ilikuwa zamu yangu kusema, na hapakuwa na Fatiha ya kunizuia. Sikusema. Niliandika: Kamati iliridhika na usafi wa jiko.

Nilistaafu katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi. Nilipewa saa ya ukutani na maneno mazuri, na Mwenyekiti, tayari mzee mwenye mkongojo, akasema, "Maalim, tufungie mara ya mwisho." Nikanyanyua mikono, macho yakaangukia kile kiti cha mlangoni, nikaishusha. Walidhani nalia kwa kuwapenda. Akasoma mwengine.

Mtu aliyestaafu ana wakati wa kufanya hesabu na nafsi yake. Nilikuwa nikiomba toba kila siku, lakini nilifundishwa tangu chuoni kwamba haki ya mja haifutiki kwa toba peke yake mpaka mwenyewe aridhie. Nililijua hilo kwa moyo, na bado ilinichukua karibu mwaka mzima kufunga safari.

Nilimkuta Bi Mize barazani kwake, akisuka ukili, magoti yameshamkataa.

"Hodi hodi. Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba. Nani wewe? Jongea, macho yangu hayafiki huko."

"Mimi yule karani wa halmashauri. Msoma dua."

Ukili ukasimama mikononi. Kisha akacheka, kicheko cha kumtikisa mabega.

"Aa! Maalim Fatiha!"

"Ndivyo mnavyoniita?"

"Kijiji kizima. Hapa mke akichoka na maneno ya mumewe humwambia, 'Nyamaza, au nkuletee Maalim Fatiha.' Hukujua kama una jina? Karibu, kaa."

Nilikaa, uso ukiniwaka. Nikamwambia kilichonileta, chote, pamoja na miwani, na pilau, na mstari nilioandika. Alisikiliza mpaka mwisho bila ya kunikata. Hilo lilinichoma kuliko jina.

"Msamaha wangu unao tokea siku ile," alisema. "Nlipoitikia amin nlishakusamehe, maana ntaombaje na wewe nkakuwekea kinyongo? Lakini neno langu bado sijalisema. Mimi mpaka leo nimesimama pale mlangoni, Maalim. Una kalamu?"

Nilikuwa nayo. Nikatoa na daftari. Akaweka ukili chini, akajiweka sawa kanga, akakohoa.

"Mwenyekiti, mimi sikuja na mengi. Nna neno moja tu. Hatukatai hoteli. Twaomba muache upana wa mwanamke mmoja na gunia lake kichwani. Ngazi zile kwenye mwamba walizichonga bibi zetu kwa shoka, nasi nyengine hatuna."

Nikangoja.

"Nshamaliza," alisema.

"Basi?"

"Basi. Ulidhani nlikuja na kitabu?"

Nilitazama nilichoandika. Kilikuwa mistari minne. Kwa miaka yote ile nilikuwa nikijifariji kwamba pengine angetuchelewesha, pengine angezua ugomvi. Pilau isingepoa kwa maneno yale. Hakuna hata diwani mmoja ambaye angeyakataa, wala mwenye hoteli mwenyewe.

"Sasa leta Fatiha," aliniambia.

Nikanyanyua mikono. Akaishika, akaishusha.

"Taratibu! Kwanza huulizwa." Akageuka mlangoni akaita, "Nyie humo ndani, yupo mwenye neno?"

Sauti ya mkazamwanawe ikajibu kutoka jikoni, "Mwambieni mgeni asiondoke, muhogo unaiva!"

"Haya," alisema Bi Mize. "Na hilo liandike."

Nikaliandika. Kisha nikasoma Fatiha, pole pole, aya kwa aya, kama nilivyofundishwa nikiwa mdogo, na tukaitikia pamoja.

Kabla sijaondoka alinambia, "Langu limekwisha. Radhi ya wenzangu kawaombe wenyewe." Nimewaendea nyumba kwa nyumba. Wako walionisamehe, yuko mmoja aliyenifungia mlango, na ana haki. Wawili wameshatangulia mbele ya haki, hao nawaombea. Ukuta ungalipo.

Siku hizi kwenye kamati ya msikiti, kabla ya dua, nauliza mara tatu kama yupo aliyebakiwa na neno. Nyinyi vijana hunicheka kwamba nawachelewesha. Nichekeni tu.

Nawe uliyenisoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akupe kazi ya halali na moyo wa kuiona haya pale inapostahiki. Akuwekee uliowadhulumu katika hali ya uhai na afya, uwafikie. Na siku utakaposimama mlangoni na neno lako moja, akujaalie watu watakaokungoja ulimalize. Amin.